Jiwe la Fisi Maji

Dada yangu ndiye aliyenipa jina la Kiguu na Njia, tena si kwa sifa. Yeye ni mtu wa kukaa. Alifagia wodi za hospitali ileile mpaka akastaafu, na wodi akishaipita yeye, nzi walikuwa wanaomba radhi ndipo watue. Mimi nimezunguka. Nimesoma darasa moja hapa, jingine kule, nikaishia kuzijua njia kuliko vitabu. Uzee ukatukutanisha chini ya bati moja, yeye na magoti mabovu, mimi na viatu vilivyoacha midomo wazi.

Nyuma ya karakana ya maseremala kuna njia ya miguu inayofuata mto mpaka ndani ya msitu. Kila asubuhi nilimtembeza huko. Magoti yakigoma tunasimama, tunatazama kilichopo: kima wanagombana juu ya miti, au mdiria anajitupa majini kama kokoto na kutoka na samaki mdomoni. Tukifika kwenye jiwe pana ukingoni mwa mto, tunakaa.

Hapo ndipo tulipomwona fisi maji. Alitokeza kichwa, sharubu zinachuruzika, akapanda ukingoni akilivuta tumbo kubwa kama gunia lililojaa.

"Huyo ni mjamzito," dada akanong'ona. "Nimewapitia wengi wodini, hanidanganyi."

Tangu siku hiyo akawa na neno moja tu: anataka kumwona mtoto.

Kisha mwanawe, fundi umeme wa mjini, akapiga simu. Kapata nyumba kubwa zaidi, Jumamosi anakuja kumchukua mama, akae karibu na daktari wa magoti. Dada alikubali. Lakini alipokata simu akanigeukia.

"Nikiondoka sijamwona yule mtoto, nitakaa huko ghorofani nawaza mto tu."

Sasa mnyama mwenyewe akawa haonekani. Tulikaa pale mpaka tukafa ganzi.

"Yule pale!" nikasema asubuhi moja.

"Huyo kenge. Macho yako yameota kutu, mdogo wangu. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, ila fisi maji hayumo."

Dada akikosa raha, anasafisha. Toka mwanzo alikuwa anabeba chupa ya maji ya sabuni na kifagio, kwa sababu lile jiwe tulilikuta na mavi, rundo jeusi lenye vipande vya magamba ya kaa, linanuka samaki wa juzi. Yeye hakai penye uchafu. Alilisugua kila tulipofika, na baada ya muda mavi yakakoma. Akaona ameshinda. Akaendelea kusugua hivyohivyo, mazoea yana taabu.

Siku ya Alhamisi bwana misitu alipita akikagua njia, akamkuta dada kapiga magoti juu ya jiwe, povu mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, bibi. Mbona unaosha jiwe la watu?"

"Marahaba. Watu gani hao? Wangekuwa na adabu wasingeligeuza choo."

Bwana misitu akacheka, halafu akaacha. "Bibi, huyo ni fisi maji. Anaacha mavi hapo wenzake wajue yupo, na yeye akirudi anuse, ajue kafika kwake. Ukisugua na sabuni ni kama umemwambia nyumba imepata mwenyewe mwingine."

Dada akakaa kitako palepale kwenye povu. Kifagio kikamtoka mkononi, mto ukakichukua.

"Nimemfukuza mzazi," akasema. "Nyumbani kwake. Kwa mikono yangu hii."

Nikamfuta povu kwa shati langu. Bwana misitu akachuchumaa mbele yake, sauti imeshuka. "Pengine hajaenda mbali, bibi. Mwachieni jiwe lake. Kaeni ng'ambo, upepo usimpelekee harufu yenu."

Kesho yake nikambeba mgongoni kuvuka, maji yakinifika magotini.

"Umebeba mizigo ya dunia nzima," akaniambia sikioni, "leo ndiyo umebeba wa maana."

"Wa maana, na mzito!"

Akanifinya sikio. Tulikaa vichakani mpaka jua likawa kali. Jiwe lilikuwa tupu. Majani makavu yakaliangukia, na nikaona vidole vya dada vinakunjuka na kukunjika, vinataka kuyaondoa. Akavikalia.

Jumamosi mzigo wake ulikuwa umeshafungwa, uko mlangoni. Alfajiri hakuniuliza kama tunakwenda, alivaa tu viatu. Nikambeba tena. Tulipokwisha kukaa akaninyaka mkono, kucha zikaingia.

"Mdogo wangu, kanya!"

Kweli, rundo jeusi, bichi, katikati ya jiwe. Katika maisha yangu nimeona watu wakililia mengi, ila mavi, sikuwa nimeona. Dada alilia kimyakimya, kanga mdomoni.

Maji yakatibuka. Fisi maji akapanda, kamng'ata mtoto shingoni, akamweka chini. Mtoto akateleza, mama akamrudisha kwa pua. Akateleza tena, akarudishwa tena. Hatimaye akasimama, akazunguka, akainua mkia, na yeye akaongeza kidogo chake pale pa mama yake.

"Hongera, mama," dada akanong'ona. "Hongera sana."

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Mpwa wangu, yuko mlangoni, amekuta mzigo tu, hakuna mtu.

"Mwanao amefika," nikasema. "Nimwambieje?"

Hakugeuza uso.

"Mwambie mama yake amekwenda kumwona mzazi. Asubiri."