Maji Mekundu ya Voi

Wakio alikuwa anakatakata sukuma wiki alipoitwa ofisini akatie sahihi kwamba kaka yake Crispus alikufa kwa pombe.

"Kwa pombe?" aliuliza.

"Ni karatasi tu," alisema Titus, meneja wa hoteli. "Afisa wa afya anakuja mchana kuichukua. Wewe ndiye ulikuwa jikoni, wewe ndiye shahidi."

Karatasi tu. Crispus hakuwahi kuonja hata mbangara, ile pombe ya miwa, harusini. Alikuwa mwimbishaji wa kwaya kule Werugha mlimani, na mama yao hadi leo alijua mwanawe aliugua tu. Karatasi hiyo ikipanda mlimani, mama atazika mlevi.

Jumanne, baada ya kuosha masufuria, Crispus alikunywa bakuli mbili za supu ya kome, wale chaza weusi wanaoletwa kwenye barafu kutoka pwani kwa ajili ya wageni wa mbugani. Wageni siku hiyo walikawia, na wakikawia wafanyakazi ndio huanza na supu. Nusu saa haikuisha midomo ikafa ganzi, ulimi ukawa mzito, miguu ikapepesuka. Askari wa getini alicheka, akamkalisha kivulini alevuke. Walipomfikisha hospitalini kifua kilikuwa kimekataa kuvuta hewa.

Daktari alimweleza Wakio polepole. Kuna mwani mdogo sana baharini, jicho haliuoni. Ukizaliana kupita kiasi maji hugeuka mekundu, kome wanaumeza, sumu inabaki ndani yao. "Na sumu hiyo haisikii moto, dada. Hata uchemshe kutwa."

Na Wakio alikuwa amechemsha saa nzima. Alichemsha kwa sababu ukutani mwa jikoni kulikuwa na tangazo la afisa wa afya, Donald: TAHADHARI. MAJI MEKUNDU. CHEMSHA KABLA YA KUTUMIA. Onyo lililotoka pwani lilisema habari ya bahari na kome. Donald, mtu wa Voi, alisoma maji mekundu akaishia hapo. Sasa Voi maji gani si mekundu? Mvua ikinyesha ndoo inajaa udongo, shati jeupe ni la siku moja. Akaandika alichokijua, akapiga muhuri, akaenda zake kula. Huo ndio usomi tunaoulipia kodi.

Lakini Donald alikuwa mjinga tu. Aliyemnyima Wakio usingizi ni mwingine. Wakio alimpigia simu yule mama wa pwani anayewauzia kome.

"Pole mwanangu," mama yule alisema. "Sisi wenyewe hatuwali, wiki ya pili hii. Nilimwambia bosi wako. Akasema nimkatie bei nusu, huko bara nani atajua."

Titus alikuwa ameamuru kome waliobaki watupwe. Wakio alitupa maganda, akaacha furushi moja chini kabisa ya friza. Hakumwambia mtu.

Saa saba Donald alifika. Wakio akaingia ofisini kwa Titus na sinia. Bakuli mbili za kome, ndimu, pilipili, mvuke unapanda. Wapishi wenzake wawili walikuwa wamesimama mlangoni.

"Karibuni chakula kwanza," alisema. "Kimechemka saa nzima, bwana afisa. Kama ulivyoandika."

"Huyu sasa ndiye mpishi," alisema Donald, akavuta kiti. Akakamulia ndimu.

Wakio hakusogea. Alitaka wakile chakula hicho. Mungu anisikie nikisema ukweli, alitaka wakile wote wawili, midomo iwafe ganzi, wapepesuke hadi getini, na askari awacheke. Aliona kijiko cha Donald kikipanda na hakufungua mdomo.

"Usile," alisema Titus.

Kijiko kilisimama.

"Kwa nini nisile?"

Titus aliwatazama wapishi mlangoni. Alisema kitu kuhusu friza, kwamba stima ilipotea jana.

"Stima haijapotea, bosi," alisema mpishi mmoja.

Donald aliweka kijiko chini taratibu. Akaanza kukunja ile karatasi ya pombe, isiyo na sahihi bado, aitie kwenye mkoba, akisema mambo haya yanahitaji uchunguzi, kuna taratibu, atapiga ripoti ofisini. Wakio akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Andika hapa hapa. Ama kula."

"Dada, unanitisha?"

"Nakupa chakula ulichosema ni salama."

Donald alifuta jasho, akavifuta pia vidole vilivyoshika kijiko, mara mbili, tatu. Kisha akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya neno pombe.

"Niandike nini sasa?"

"Andika alichosema."

Akaandika: Usile.

"Sasa andika jina la aliyesema," Wakio alimwambia, "na uandike alijua tangu lini."