Simba wa Milima

Kabla sijaliona hema la sufu alimolazwa marehemu baba, nilimsikia dada yangu Burulcha akiomboleza. Alimwita simba wa milima, mpanda farasi asiye na kifani. Wazee walilia.

Baba aliwaogopa farasi maisha yake yote. Alichunga kondoo kwa miguu, kijiji kizima kikimcheka.

"Dada, maneno haya umeyatoa wapi?"

"Nimeiuliza simu, ikanitungia. Watu wamelia, au hukuona? Nawe bwana mshairi ulikuwa wapi?"

"Njiani. Lakini umemlilia nani? Huyo simba simjui."

Akanishika mkono.

"Siku ya arobaini nitamlilia baba yetu, yule mwoga wa farasi. Hata maneno yakinikwama, kaka, simu sitaigusa."