Chai ya Mheshimiwa

Kikombe kilikaa mezani, chai ikijivika utando wa maziwa kama bibi harusi aliyekimbiwa. Mheshimiwa Walter alikitazama, akakizungusha, akakisogeza pembeni. Hakunywa.

Kwetu mgeni akikataa chai, ama amefunga, ama ana neno nawe. Na huyu alikuwa amekwisha kuzimaliza sambusa zangu.

Tangu kiwanda cha jirani kianze kumwaga taka zake, maji ya mfereji ya fleti zetu hapa New Hope, Marekani, yalinuka rangi. Mjukuu wangu Dinah alijikuna mpaka ngozi ikatoka damu. Njeri, mama yake, alikuwa akitoka shifti hospitalini anapitia dukani kubeba maji ya chupa. Naye Mheshimiwa, akitaka tumrudishe kwenye bunge la jimbo, alisimama kanisani kwetu akasema maji hayo ni safi kama machozi. Basi nikamwalika.

"Mama, anauliza kama chai ni ya maji ya mfereji," Njeri akatafsiri.

"Muulize, si alisema ni safi?"

Masikio yakamwiva kama nyanya. Ghafla akakumbuka ana mkutano mwingine.

Akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa kwenye sofa zangu, macho kodo. Mlango ulipofungwa tu, mmoja wao, Imaculata, akakipiga picha kikombe kile, kimejaa pomoni. Kufikia Jumapili kilikuwa kwenye kila simu mtaani, hata za Wazungu.

Novemba, theluji ya kwanza ikidondoka, nilipiga kura yangu ya kwanza tangu niapishwe uraia. Majirani ambao walikuwa hawajawahi kupiga kura walipanga foleni, kila mmoja na thermos yake ya chai. Baridi, mwanangu! Mabango ya kampeni yamekatazwa kituoni, lakini chai nani angetukataza?

Velma, mwalimu mstaafu aliyeahidi sheria ya kukibana kiwanda, akamshinda Mheshimiwa. Tulipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Kisha akashuka kucheza nasi.

Sheria ilipita theluji ilipoyeyuka, na kiwanda kikasafisha uchafu wake. Velma akaja kutushukuru. Nikamwekea chai. Akasita kidogo, akacheka, akainywa yote.

"Anauliza," Njeri akasema, "kweli ulitaka Walter anywe maji yale?"

"Mwambie ile chai niliipika kwa maji yako ya dukani. Mimi nimpe mgeni uchafu?"

Njeri akasahau kutafsiri. Jikoni, Dinah alifungua mfereji, akajaza gilasi.