Ningekuwa Mwizi

Kicheko kilianzia meza ya dirishani kikaenea maktaba nzima. Bi Nywila, kama wanafunzi walivyomwita mkuu wa usalama wa kompyuta chuoni, alikuwa amenyakua kompyuta mpakato nyingine iliyoachwa bila mwenyewe, na mahali pake akaweka kadi ya njano: "Ningekuwa mwizi, ungelia. Njoo ofisini." Alitoka nayo kwapani akitembea kwa madaha, huku akipigiwa makofi. Mchezo huo aliubuni mwenyewe, na aliupenda kupita kiasi.

Chuoni hapo watu walishika nafasi kwa kompyuta zao. Mtu akitaka kwenda kunywa chai, anaiacha wazi mezani ili asije akakuta kiti kimekaliwa. Bi Nywila alihubiri mpaka sauti ikamkauka, wasimsikie. Kadi ndizo zilizowazindua, na sifa zikampanda kichwani. Akagawa mabunda ya kadi kila idara, walinzi na wasaidizi wake nao wapite wakinyakua.

Asubuhi moja mtafiti wa shahada ya uzamivu aliingia ofisini kwake akitabasamu, kadi mkononi.

"Haya, Bi Nywila, leo umenipata. Nirudishie basi, kazi imenibana."

"Leo sijatia mguu maktaba, mwanangu."

"Basi ni mmoja wa watu wako. Wenzangu walimwona akiichukua."

Bi Nywila aliwapigia simu walinzi, akawapigia wasaidizi. Hakuna aliyechukua kitu. Tabasamu la mtafiti likafifia.

"Na hao wenzako walifanya nini?"

"Walicheka. Mmoja alimfungulia mlango."

Bi Nywila ndiye aliyewazoesha kukaa kitako na kucheka huku kompyuta ya mwenzao ikitolewa nje.

"Umeifunga kwa nywila?"

"Ilikuwa inanichelewesha." Mtafiti alianza kulia. "Nakala ninazo, kazi haitapotea. Lakini mle mna sauti za wanawake wanaofanya kazi za ndani, mama. Wamenisimulia wanavyoteswa na waajiri wao. Kila mmoja anaanza kwa kutaja jina lake. Niliwaapia kwamba halitasikika popote."

Bi Nywila alivua viatu vyake vya kisigino, akatoka mbio. Pale maktaba alipanda juu ya kiti, jambo ambalo yeye mwenyewe angemfukuzia mwanafunzi.

"Aliyeichukua si mtu wangu! Ni mwizi, na mimi ndiye niliyewapumbaza. Kaelekea wapi?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Viti vilisukumwa, watu wakasimama.

"Ana fulana nyekundu!"

"Katokea geti la nyuma, hata nusu saa haijapita!"

Wakamiminika nje, kila mmoja na kompyuta yake kifuani kama mama aliyebeba mtoto. Bi Nywila alikimbia mbele yao peku, kilemba kikimfunguka, moyo ukidunda kwa hofu na, kusema kweli, kwa raha pia. Miaka yote hiyo alikuwa akiwakimbiza wezi wa kubuni. Huyu alikuwa wa kweli, na umati mzima ulikuwa nyuma yake ukipiga kelele.

Nje ya geti kulikuwa na safu ya vibanda vya mafundi simu. Fulana nyekundu ilikuwa imeegemea kaunta ya kibanda cha mwisho, ikisubiri bei. Mwizi aligeuka, akaona umati, akatimua mbio za miguu niponye, wanafunzi wakamwandama.

Bi Nywila hakumfuata. Alikuwa amesikia sauti ya mwanamke ikitoka kibandani, imefunguliwa mpaka mwisho ili fundi aone kama spika ni nzima. Mwanamke huyo alikohoa kidogo, akacheka kwa aibu.

"Nianze? Haya. Mimi naitwa..."

Bi Nywila alijirusha juu ya kaunta, nati na vioo vya simu vikatawanyika, akakibamiza kifuniko cha kompyuta kwa mikono yote miwili. Sauti ikakatika.

"Taratibu, mama! Utanivunjia vitu!" Fundi alirudi nyuma. "Mimi nilikuwa naijaribu tu. Kwani huyo mwanamke anayesema ni nani?"

Mtafiti alifika akihema, akasimama kando ya Bi Nywila.

"Hatumjui," alisema.

"Hatumjui kabisa," akaitikia Bi Nywila, mikono yake ingali juu ya kifuniko.