Nukta Iliyosimama kwa Nakeno

Kisanduku kilifungwa juu ya kabini ya lori namba tatu mwezi wa pili, mwaka wa 1998, na kufikia Pasaka Ekuru, dereva wake, alikuwa karibu kufutwa kazi.

Kilikuwa cheupe, ukubwa wa tofali. Kila robo saa kilituma habari kwa setilaiti, na huko makao makuu Nairobi nukta ikasogea kwenye kompyuta: lori liko hapa, linakwenda, limesimama. Mimi nilikuwa msimamizi wa magari Lodwar, na sikuwa na ugomvi nacho. Kabla yake tulikuwa tukituma lori Kakuma asubuhi na kusali mpaka jioni. Ila kilisema tu kwamba lori limesimama. Hakikusema kwa nini, na Nairobi wakajijibu wenyewe.

"Anauza dizeli," Chepkemoi aliniambia kwenye redio. Alikuwa mkuu wa usafirishaji, na tulisomea diploma darasa moja, kwa hiyo hatukubembelezana. "Kila safari anasimama palepale porini. Nani husimama porini? Ova."

"Tangi nalipima mwenyewe akirudi. Hakuna dizeli inayopotea. Anawapa watu maji. Ova."

"Sisi si kampuni ya maji. Akisimama tena kabla ya Kakuma, asirudi kazini. Ova."

Nilimkuta Ekuru akikaza turubai juu ya magunia ya unga, nikamwambia neno kwa neno. Hakuinua kichwa.

"Basi sisimami. Nina watoto shuleni. Lakini Nakeno atanilaani."

"Nakeno ni nani?"

"Mama mmoja, kabla ya ile laga kubwa, ule mto wa mchanga. Mimi namjazia jerikeni, yeye ananipa habari ya barabara iliyo mbele. Madereva wa zamani walifanya hivyo. Mimi nimerithi tu."

Nikafunga ofisi, nikapanda kabini.

"Mama Ebei, unaenda wapi? Na nyumbani je?" Ekuru akaniuliza.

"Ebei anapika kuliko wewe. Endesha."

Tulivuka daraja la Turkwel, tukaiacha Lodwar nyuma. Mbingu ilikuwa safi, hakuna wingu hata la kusingiziwa. Ekuru akanyoosha kidole juu ya kabini, kwenye kisanduku.

"Hiki kitu ni kama mama mkwe. Kinaona umekaa, hakiulizi kama umechoka."

"Mama mkwe angalau hupika."

Alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu mbele yetu alisimama mwanamke mwembamba mwenye shanga nyingi shingoni, ameinua jerikeni ya manjano. Ekuru akakaza macho barabarani na kuongeza mwendo. Yule mwanamke alipoona hatupunguzi, aliitupa jerikeni chini, akaanza kupunga mikono yote miwili.

Mtu anayetaka maji haiachi jerikeni yake.

"Simamisha gari."

"Mama Ebei, kazi yangu."

"Anayekuamuru ni mimi. Simamisha."

Breki zililia. Nakeno alitufikia akihema.

"Ejok," nikamwamkia.

"Ejok-noi," akanijibu, kisha akamgeukia Ekuru. "Na wewe, umekuwa kipofu tangu lini?"

Ekuru akatazama usukani. Nakeno akaeleza kwa Kiturkana, haraka, kama mtu anayekemea. Mwanawe alikuwa amefika na ngamia kutoka magharibi. Kule milimani, upande wa Uganda, mvua ilinyesha usiku kucha. Maji ya laga yatashuka leo, kabla jua halijapinda.

Laga yenyewe tuliiona kutoka pale tulipokaa: mto wa mchanga, mweupe, mkavu kama unga tuliobeba.

"Tunaweza kuvuka sasa hivi," Ekuru akasema.

"Na mzigo huu? Mara ya mwisho ulikwama mchangani ukaweka mbao chini ya magurudumu mara ngapi?" nikamuuliza.

Nikamwambia azime injini, tukamjazia Nakeno jerikeni yake. Haikupita muda, redio ikaita: Chepkemoi tena.

"Namba tatu, mbona mmesimama? Ova."

Nikachukua kipaza sauti. "Nimesimamisha mimi. Laga inakuja. Ova."

"Wewe umeingiaje garini? Hapa hatuna taarifa ya mvua Turkana. Vukeni. Ekuru akikataa, ashuke aende kwao. Ova."

"Nikiwa nimekosea, futa jina langu kabla ya lake. Ova."

Nikarudisha kipaza sauti mahali pake. Tukakaa. Mchanga ulibaki mweupe, jua likapanda mpaka juu ya vichwa vyetu. Nakeno alikaa chini ya kivuli cha lori akinywa maji yake polepole, hana haraka na mtu.

"Na isipokuja?" Ekuru akauliza.

"Tutachunga mbuzi wa Nakeno, mimi na wewe."

"Mbuzi wangu siwapi vipofu," Nakeno akasema.

Ndipo tukausikia: mngurumo kama wa msafara wa malori yanayopanda mlima. Maji yalikuja ya kahawia, yamesimama kama ukuta, yamebeba miti mizima na povu na mbuzi mmoja aliyekufa. Kufumba na kufumbua yakajaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Nikaita Nairobi, nikabonyeza kitufe, nikatoa kipaza sauti nje ya dirisha mpaka waya wake ukanyooka wote.

"Hiyo ni nini? Ova," Chepkemoi akauliza.

"Ni pale ulipotaka tuwe. Ova."

Kisha, kwa sauti ya darasani ninayoijua: "Muulize huyo mama yataisha lini. Ova."

Nakeno alicheka. "Mwambie mbuzi wangu wakivuka, na nyinyi mvuke."

Tulifika Kakuma kesho yake na unga mkavu. Ekuru alibaki kwenye usukani. Chepkemoi aliweka alama pale kwenye kompyuta yake, akaiandika Nakeno, kituo halali, na tangu hapo nukta ikaruhusiwa kusimama.

Mwezi wa saba Chepkemoi aliniita redioni hata chai sijanywa.

"Lodwar, namba tatu imepita kwa Nakeno bila kusimama. Kuna nini? Ova."

"Amehama na mifugo yake. Ova."

"Amehamia wapi? Niihamishe alama. Ova."