Meno ya Juu

Ukoo mzima ulimwita Daktari Nusu, kwa sababu alikuwa bado anasomea udaktari wa meno. Wanafunzi wenzake walihangaika kutwa kutafuta vibogoyo wa kuwatengenezea meno ya bandia. Yeye alikuwa na wake nyumbani, bibi yake mzaa baba, tena kibogoyo asiyeona haya.

"Mume wangu," bibi alimwambia siku ya vipimo, huku akitema mabaki ya ule uji mzito wa kuchukulia umbo la ufizi, "nikifa kabla hujayamaliza haya meno, nivalishe hivyo hivyo. Siendi kwa babu yako na mashavu yaliyobonyea."

"Nitakuvalisha, bibi."

Walicheka wote wawili. Nani angejua?

Bibi alifariki wiki ile ile meno yake yalipokuwa yakisuguliwa yang'ae. Daktari Nusu alipopigiwa simu alisema "sawa," akarudi kuosha vifaa vyake. Nyumbani shangazi alimtupia jicho la pembeni, maana mjukuu kipenzi ndiye aliyetarajiwa kuangua kilio, na yeye alikuwa anauliza kama viti vinatosha. Msimdhanie ana roho ngumu. Hakuwa anasikia kitu, basi.

Siku mbili baadaye alichukua meno kwa fundi wa maabara, akaenda nayo chumba cha maiti. Mhudumu akafunua shuka mpaka kifuani.

"Taya limelegea sasa," alisema. "Jana usingelifungua."

Daktari Nusu akavaa barakoa na glavu. Meno ya chini yakakaa vizuri. Ya juu yakaanguka. Akayarudisha, akayabana kwa kidole gumba, akaachia. Yakaanguka tena juu ya ulimi. Akayakagua kingo zote, hakuona kasoro. Akayachovya kwenye maji. Wapi!

"Gundi ninayo," mhudumu akasema.

"Asante, kaka. Subiri kwanza."

Alijua kinachokosekana. Alishakiandika kwenye mtihani akapewa alama zote. Meno ya juu yasiyo na jino la kuegemea hushikwa na mate, utando mwembamba tu kati ya bandia na kaakaa, lakini ukishanata hauachii ovyo. Maji matupu ni mepesi mno. Na kinywa cha bibi kilikuwa kikavu, kinywa ambacho maishani hakikuwahi kuishiwa maneno.

Akavua barakoa. Kila kanuni ya kliniki ilimkataza, na mwalimu wake angemtimua papo hapo. Akayatia yale meno mdomoni mwake, akayalowesha kila upande kwa mate yake mwenyewe, akayatoa. Mhudumu aligeukia ukutani. Daktari Nusu akayapachika, akayasukuma juu taratibu, akaondoa mkono.

Yakashika. Mdomo ukainuka, mashavu yakajaa, na yule aliyelala pale akawa bibi yake.

"Haya, tayari, bibi," akasema, kwa sauti ile ile anayomwambia kila mgonjwa kabla hajashuka kitini. "Yakikuchubua popote usijikaze. Njoo uniambie."

Akainama kidogo, amsikilize atajibu nini. Mhudumu ndiye aliyewahi kumdaka mabega alipoanza kulia.