Mkunga wa Majani ya Mgomba

Wifi yangu Kokubanza alikuwa na ukaidi wa mbuzi, na nasema hivyo kwa mapenzi. Kaka yangu Josia alimwoa akamleta hapa Ijumbi enzi za Mwingereza. Wanawake wenzake walitamani kanga mpya, yeye alitamani kuwa mkunga. Haya basi.

Shida ilikuwa mikono. Homa ya utotoni ilimwachia tetemeko, hata kikombe cha uji kilimshinda. Nesi mmoja wa Bukoba alimwambia wazi kwamba kwa mikono ile hapokelewi mafunzoni. Kisha akamwonea huruma, akamshauri aandike kila asubuhi kile anachotaka kuwa, kana kwamba ameshakuwa, halafu akisome kwa sauti. Karatasi angeitoa wapi? Alichukua mwiba wa mlimau, akaingia kibanjani, kwenye migomba yetu nyuma ya nyumba, akakwaruza kwenye jani la mgomba: Mimi ni mkunga. Mikono yangu haitetemeki. Muda si muda maandishi yakageuka meusi. Akaisomea migomba maneno yale, nami jikoni mbavu sina.

Tena alichagua majani mapana ya karibu na jiko, yaleyale ambayo mama yetu alikata kufunikia ndizi chunguni. Siku moja tulifunua chungu tukakuta maandishi yameiva pamoja na chakula. Nilimtania kwamba tumeshaula ukunga wake. Alicheka na sisi, na kesho yake akaandika tena. Tangu hapo mama, ambaye hakujua kusoma, akawa analigeuza kila jani na kulitazama kabla ya kulikata.

Na mikono ikatulia, jamani. Kama ni maneno au ni ule ukaidi, sijui. Akawazalisha majirani, nesi akapata habari, akamwita amwangalie, akamkubali. Angeanza mafunzo Bukoba akishajifungua, maana wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Tulifurahi mno. Hata hivyo hakuacha kuandika.

Uchungu ulimshika mchana, mvua ya masika inamwagika, Josia yuko Bukoba amepeleka kahawa. Mama alikimbia kutafuta wanaume wa kubeba machela, lakini mto ulikuwa umefurika na hakuna aliyeweza kuuvuka. Mkunga tuliyekuwa naye ndiye huyo aliyelala kitandani. Nikabaki naye mimi, ambaye sijawahi kuzalisha hata mbuzi. Nilitetemeka mikono yote miwili, naye akaniona.

"Sema, wifi. Mimi ni mkunga."

"Kokubanza, huu si wakati wa mzaha."

"Sema. Mikono yangu haitetemeki."

Nikasema. Akanielekeza kwa sauti iliyozidi kufifia, nishike wapi, nisivute, ningoje. Mtoto akatoka analia, wa kike. Nikamlaza kifuani pa mama yake, naye akamshika vidole akatabasamu. Lakini damu haikukata. Nilikandamiza pale aliponionyesha, nikayarudia maneno yake kwa sauti, na Mungu ni shahidi wangu, mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Haikusaidia kitu. Alifariki kabla mama hajarudi.

Siku ya msiba nilitumwa kukata majani ya kufunikia chakula cha waombolezaji. Nikakutana na jani alilokwaruza asubuhi ya siku ile, bado bichi, mvua haijafuta hata herufi moja. Nikasimama nalo. Mama akaja kuuliza nangoja nini na watu wana njaa. Aliligeuza, akalitazama kama alivyozoea, kisha akanipita, akakata la mgomba mwingine.

Pale pale, kisu kikiwa mkononi, tetemeko likanirudia, na mpaka leo halijaniacha. Binti yake ndiye anayenishikia kikombe cha uji.